Giaboksi na Difu Zinapochemka Uwanjani: Mwongozo Kamili wa Kudhibiti Joto la Oili

Injini ina rejeta, feni, pampu ya maji na geji ya kumwonya dereva. Difu ya gari la kawaida, yaani kasha la gia linalogawa nguvu kwenye magurudumu, haina hata kimoja kati ya hivyo. Ina lita moja au mbili za oili ndani ya kasha la chuma, na kinachoipoza ni upepo unaopita chini ya gari. Barabarani hilo linatosha, kwa sababu gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa kwenye tambarare linatumia sehemu ndogo tu ya nguvu za injini. Kwenye uwanja wa mbio dereva anakanyaga mafuta hadi mwisho kila anapotoka kwenye kona, anashusha gia, anapandisha, na hapumziki kwa dakika ishirini. Giaboksi nayo iko katika hali hiyohiyo, tena mara nyingi imelala ubavuni mwa bomba la moshi.

Ndiyo maana magari mengi ya mbio za wapenzi huharibu difu wakati injini bado nzima. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao mafundi wa uwanjani huushika: kwanza kupima, kisha oili, kisha kuondoa joto lisilo la lazima, na mwisho kabisa rejeta na pampu. Ukianzia mwisho, unaweza kutumia fedha nyingi kupoza hitilafu ambayo ingetoka kwa spana.

Joto linatoka wapi

Kila jozi ya gia inapokabidhiana nguvu, sehemu fulani ya nguvu hiyo hugeuka joto. Gia za kawaida za ndani ya giaboksi hupoteza asilimia 1 hadi 2 kwa kila jozi. Krauni (gia kubwa ya duara) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) za difu hupoteza zaidi, kama asilimia 4, kwa sababu pinioni imewekwa chini ya mstari wa katikati wa krauni na meno yake husuguana kwa kuteleza huku yakisukumana. Msuguano huo wa kuteleza ndio unaofanya difu idai oili ya aina ya pekee, na ndio unaoifanya ichemke haraka kuliko giaboksi.

Chukua mfano wa gari lenye injini ya kilowati 200 ambalo kwa wastani wa mzunguko mzima linatumia nusu ya nguvu hizo. Asilimia 4 ya kilowati 100 ni kilowati 4 za joto zinazoingia kwenye difu bila kukoma. Difu yenye uzito wa kilo 30 na lita 1.2 za oili inahitaji takriban kilojuli 16 kupanda nyuzi moja ya Selsiasi. Oili ikiwa 80°C na hewa ya nje 30°C, upepo wa chini ya gari unaweza kuondoa kilowati 1.5 hivi. Kilowati 2.5 zinazobaki zinapandisha joto karibu nyuzi 9 kwa dakika. Kadiri difu inavyopata moto ndivyo upepo unavyoipoza zaidi, kwa hiyo kasi ya kupanda hupungua. Hata hivyo, kwa hesabu hii oili hufika 140°C baada ya dakika kumi na moja hivi, na ikiachwa itatulia karibu na 160°C. Namba za gari lako zitatofautiana, lakini umbo la mambo ni hilo: dakika tano za kwanza kila kitu kiko sawa, na theluthi ya mwisho ya kipindi ndiyo inayoua.

Juu ya hapo kuna vyanzo vingine. Plati za difu ya LSD, ile inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure, hutoa joto kila zinapoteleza kwenye kona. Gia zinapokoroga oili nyingi kupita kiasi, kazi hiyo nayo hugeuka joto. Beringi ya pinioni iliyokazwa mno huchemka hata gari likiendeshwa polepole. Na bomba la moshi lililo sentimita chache kutoka kwenye giaboksi huipikia oili kutoka nje.

Mipaka ya kuheshimu

Kwa giaboksi ya mkono na difu zenye oili ya sinthetiki, kati ya 80°C na 110°C ndipo mahali pazuri pa kufanyia kazi. Kati ya 110°C na 125°C bado uko salama, ila anza kuangalia geji kila unapoingia kwenye mnyoofu. Kuanzia 125°C hadi 140°C punguza kasi. Ukifika 140°C anza mzunguko wa kupoza, na ukiona 150°C kipindi chako kimekwisha hata kama umebakiza dakika kumi. Oili ya kawaida isiyo ya sinthetiki ishushie mipaka yote hiyo nyuzi 20.

Sababu ni kadhaa na zinafuatana. Oili ya 75W-90 ikiwa 140°C huwa na takriban nusu tu ya mnato (uzito wa kutiririka) iliokuwa nao ikiwa 100°C, kwa hiyo utando wake kati ya meno unakuwa mwembamba na chuma huanza kugusana na chuma. Kuoza kwa oili kwa joto huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo saa moja ya 140°C huila oili kama saa kadhaa za 110°C. Sili za mpira wa naitrili hukakamaa na kupasuka zikikaa muda mrefu juu ya 120°C. Za Viton, mpira unaostahimili joto zaidi, huvumilia karibu 200°C, na ni vizuri kuzidai wakati wowote difu inapofunguliwa. Mwisho kuna chuma chenyewe. Meno ya gia hugandishwa ugumu kwa tabaka la nje, kisha hupashwa tena kwenye joto la kati ya 150°C na 200°C kiwandani. Oili ikiwa 150°C, sehemu ndogo inayosuguana ya jino huwa na joto zaidi ya hapo. Jino likivuka joto lililopashiwa kiwandani, ugumu unapungua, na haurudi hata likipoa.

Hatua ya kwanza: pima

Usibadilishe chochote kabla ya kupata namba. Njia ya bei nafuu kabisa ni karatasi za kubandika zinazobadilika rangi zikifikia joto fulani na kubaki hivyo. Safisha kasha kwa spiriti, bandika moja kwenye giaboksi karibu na beringi ya nyuma na nyingine kwenye pua ya difu, pale pinioni inapoingilia. Kumbuka kwamba kasha huwa na joto la chini kuliko oili kwa nyuzi 10 hadi 20. Karatasi ikionyesha 120°C, hesabu kwamba oili ilifika 135°C.

Bunduki ya kupimia joto kwa miale inasaidia, lakini hudanganya kwenye alumini inayong'aa: husoma chini sana kuliko hali halisi. Paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa, au bandika kipande cha utepe mweusi unaostahimili joto, kisha pima hapo hapo kila mara.

Kipimo cha kuaminika ni sensa iliyozama ndani ya oili, yenye geji mbele ya dereva. Tumia sensa inayosoma hadi 150°C au zaidi. Njia rahisi ni boliti ya kumwagia oili iliyotobolewa na kuwekewa sensa, lakini angalia ncha ya sensa ifike mahali oili inapozunguka. Ikijificha ndani ya shimo la boliti itasoma oili iliyotuama na kukupa namba ya chini. Hakikisha pia haichomozi chini ya kasha, maana jiwe moja au ukingo wa uwanja huing'oa na kumwaga oili yote. Kwenye gari lenye pampu, weka sensa kwenye mpira unaotoka kwenye difu, kabla ya rejeta. Ukiiweka baada ya rejeta utafurahia namba ambayo gia hazijawahi kuiona.

Endesha kipindi kimoja kamili ukiandika joto kila baada ya mzunguko. Unachotafuta ni vitu viwili: kilele, na kasi ya kupanda. Difu inayotulia 125°C na kukaa hapo inahitaji oili nzuri tu. Difu iliyo 125°C na bado inapanda nyuzi 6 kwa kila mzunguko inahitaji zaidi ya hapo. Ukiwa na msaidizi, mpe kazi ya kuandika hali ya hewa na idadi ya mizunguko, kwa sababu siku ya 18°C na siku ya 34°C hazilinganishiki.

Hatua ya pili: oili sahihi

Kwa difu yenye krauni na pinioni, tumia sinthetiki ya daraja la GL-5. Viambato vyake vya salfa na fosforasi hujenga tabaka jembamba juu ya chuma pale utando wa oili unapokatika, na bila tabaka hilo meno ya aina hii huchubuka mapema sana. Gari likifanya kazi juu ya 120°C mara kwa mara, panda kutoka 75W-90 hadi 75W-140. Oili nzito zaidi hupoteza nguvu kidogo kwenye kukoroga, lakini bado ina utando wa kutosha pale nyepesi inapokuwa kama maji. Kwa gari ambalo halivuki 110°C usipande. Utaongeza joto bure.

Giaboksi ya mkono ni jambo jingine. Ringi nyingi za sinkro, zile zinazolinganisha kasi ya gia kabla haijaingia, ni za aloi za shaba (brasi au bronzi), na viambato vikali vya GL-5 vikipata moto huweza kuila shaba hiyo. Kama kitabu cha gari kinasema GL-4, baki na GL-4 ya sinthetiki. Giaboksi fulani zimetengenezwa kutumia oili ya otomatiki au oili nyepesi ya pekee. Ukiwekea oili nzito ya difu, sinkro hazitaweza kushika haraka na gia zitakwaruza hadi oili ipate moto.

Difu ya LSD yenye plati inahitaji kiambato cha kulainisha msuguano. Oili nyingine huja nacho tayari, nyingine hudai uongeze kichupa. Weka kidogo mno na difu itagonga na kutetemeka ukikata kona kali polepole; weka kingi mno na plati zitateleza, na plati zinazoteleza ni joto. Anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa, sikiliza, ongeza kidogo kidogo.

Hatua ya tatu: kiwango na tundu la kupumulia

Oili hupanuka karibu asilimia 7 ikitoka 20°C hadi 120°C. Kwenye giaboksi ya lita 2 hiyo ni mililita 140. Kama umejaza kupita kiwango ukidhani unaisaidia gari, sehemu hiyo itatokea kwenye tundu la kupumulia, itashuka kwenye bomba la moshi, na utaona moshi kwenye kioo cha nyuma. Oili iliyozidi pia hukorogwa na kutoa povu, na povu halipozi wala halilainishi.

Jaza hadi ukingo wa tundu la kujazia, gari likiwa sawasawa pande zote nne. Kosa linalotokea kila mara ni kuinua upande mmoja kwa jeki na kujaza likiwa limeinama. Hapo kiwango hakina maana.

Kisha angalia tundu la kupumulia. Likiziba kwa tope, presha inapanda ndani na sili ndiyo njia pekee ya kutokea. Lisafishe, vuta mpira wa milimita 8 hadi 10 juu ya kiwango cha oili kwa angalau sentimita 30, na umalizie kwenye kopo la kunasia lenye ujazo wa nusu lita. Kopo likiwa na oili kila baada ya kipindi, kuna povu, au umejaza mno, au mpira unatoka mahali ambapo krauni inarusha oili moja kwa moja. Bati dogo la kukinga ndani ya kifuniko humaliza tatizo la mwisho.

Hatua ya nne: ondoa joto lisilo la lazima

Anza na matairi. Kwenye difu ya LSD, na hasa kwenye gari linalovuta magurudumu manne, matairi yenye vipenyo tofauti huifanya difu iteleze mfululizo hata kwenye mnyoofu. Tairi jipya kushoto na lililolika kulia linatosha. Pima mzingo wa kila tairi kwa futi ya kamba, presha ikiwa sawa, na usiruhusu tofauti ya zaidi ya milimita 5 hadi 6 kwenye ekseli moja. Gari la magurudumu manne likipuuza jambo hili, kiunganishi cha katikati kitachemka na kompyuta itakikatisha. Gari litageuka kuwa la magurudumu mawili katikati ya kona.

Kisha angalia mvutano wa awali wa LSD. Plati zilizokazwa kwa matumizi ya kuteleza pembeni zitapika oili kwenye gari la mizunguko ya kasi. Beringi za pinioni nazo zipimwe kwa spana ya toki inayosoma namba ndogo, kwa kufuata kipimo cha kitabu. Dalili ya kukazwa mno ni pua ya difu kuwa na joto kuliko mwili wake kwa nyuzi 20 au zaidi.

Mwisho wa hatua hii ni bomba la moshi. Weka kinga ya bati kati yake na kasha, ukiacha nafasi ya hewa ya milimita 10 hadi 20 pande zote mbili. Kinga iliyobanana na kasha hupitisha joto lilelile. Kama nafasi haipo, zungushia bomba kitambaa cha kuzuia joto kwenye sehemu inayopita karibu na giaboksi.

Hatua ya tano: hewa

Sakafu bapa iliyofungwa chini ya gari hupunguza ukinzani wa upepo lakini huinyima difu hewa. Kata tundu mbele ya difu lenye mdomo unaokusanya hewa na uache nafasi ya kutokea nyuma. Hewa isiyo na pa kutokea haiingii. Kifuniko cha difu chenye mapezi na ujazo mkubwa kinasaidia kiasi. Sehemu kubwa ya msaada wake ni oili ya ziada inayochelewesha kupanda, kwa hiyo kinafaa kwa vipindi vya dakika 15 na hakitoshi kwa mbio za saa nzima.

Hatua ya sita: rejeta na pampu

Kama baada ya yote hayo oili bado inavuka 135°C na kuendelea kupanda, funga mfumo wa kupoza. Hata viwandani somo hili limegharimu: Ford iliuza Mustang Shelby GT350 za msingi za mwaka 2016 bila rejeta za oili ya giaboksi na difu, baadhi ya magari yakawa yanajipunguzia nguvu uwanjani, wamiliki wakaenda mahakamani, na kuanzia modeli ya 2017 rejeta hizo zikawekwa kwenye kila gari la aina hiyo.

Hesabu inayohitajika ni fupi. Kila lita ya oili hubeba karibu kilojuli 1.75 kwa kila nyuzi. Pampu ya lita 6 kwa dakika, ikipitisha oili inayopoa nyuzi 20 kwenye rejeta, huondoa kilowati 3.5. Kwa gari la mfano wetu hiyo ni karibu mzigo wote.

Pampu. Tumia ya gia, ya umeme, iliyotengenezwa kwa oili moto, yenye uwezo wa lita 5 hadi 10 kwa dakika. Pampu ya petroli haifai, itakufa. Ifunge chini na karibu na difu, ikiwezekana chini ya kiwango cha oili, kwa sababu pampu hizi husukuma vizuri na kuvuta vibaya. Mpira wa kuvutia uwe mfupi, wenye kipenyo cha ndani cha milimita 12 au zaidi. Wa kurudishia unaweza kuwa milimita 10.

Chujio. Kabla ya pampu weka chujio la wavu wa chuma wa maikroni 100 hadi 150. Chujio la karatasi halipitishi oili nzito ya baridi. Chembe moja ya jino ikiingia kwenye pampu huifunga papo hapo, na huwezi kujua hadi geji ipande.

Njia za oili. Vuta kutoka kwenye tundu la kumwagia au sehemu ya chini iliyo mbali na krauni, mahali pasipo na povu. Rudisha juu, na uelekeze mkondo pale pinioni inapokutana na krauni au kwenye beringi za pinioni. Oili baridi ikidondoka kando ya kasha inapoza kasha tu. Kwenye giaboksi, elekeza gia zinazotumika zaidi uwanjani, kwa kawaida ya tatu na ya nne.

Rejeta. Ya safu 13 hadi 19 inatosha magari mengi ya kilowati 200 hadi 350, ilimradi ina hewa. Ikikaa nyuma ya gari ambako upepo ni dhaifu, iwekee feni. Ikikaa juu kuliko difu, oili yake itashuka kwenye kasha pampu ikizimwa na kuzidisha kiwango. Weka vali ya kuzuia kurudi. Boliti zote za mfumo huu zifungwe kwa waya wa usalama, na mipira ipite angalau sentimita 10 kutoka bomba la moshi. Mpira ukipasuka, oili inaangukia tairi la nyuma. Hili lifanyie kazi kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa huu.

Umeme. Rilei, fyuzi ya ampea 15, waya wa milimita mraba 2.5, na swichi ya joto inayowasha kwenye 90°C na kuzima karibu na 80°C. Usiendeshe pampu oili ikiwa baridi: ni nzito mno, mota inavuta ampea nyingi na fyuzi inakatika. Ongeza swichi ya presha baada ya pampu, yenye taa mbele ya dereva. Taa iliyounganishwa na rilei huonyesha kwamba umeme umefika. Presha ndiyo inayothibitisha kwamba oili inatembea.

Kujaza. Jaza difu hadi kiwango, washa pampu kwa dakika mbili oili ikiwa vuguvugu, zima, subiri dakika tano, ongeza hadi kiwango tena. Rudia hadi kisishuke.

Kisha pima mpira wa kuingia na wa kutoka kwenye rejeta wakati gari lina moto. Tofauti ya nyuzi 10 hadi 25 ni kazi nzuri. Hakuna tofauti: rejeta haipati hewa. Mpira wa kutoka ni baridi kabisa huku difu ikichemka: oili inapita kidogo mno, angalia chujio kwanza, kisha pampu.

Otomatiki na klachi mbili

Kwenye otomatiki, joto kubwa hutoka kwenye toki konveta (kiunganishi cha oili kati ya injini na giaboksi) inapokuwa haijajifunga. Endesha kwa kuchagua gia mwenyewe na epuka kona za polepole kwenye gia ya juu huku umekanyaga mafuta sana, maana hapo konveta huteleza. Joto zuri ni 80°C hadi 100°C, angalia kwa makini ukifika 120°C, na 130°C ni mwisho. Rejeta yake ya kiwandani mara nyingi imo ndani ya rejeta ya maji, kwa hiyo oili haiwezi kuwa baridi kuliko maji ya injini. Ongeza rejeta ya hewa baada ya hiyo. Tumia oili iliyotajwa na mtengenezaji tu, na pima kiwango kwenye joto lililoandikwa kitabuni.

Kwa giaboksi ya klachi mbili, kuondoka kwa nguvu kutoka kusimama huzipa klachi joto jingi kwa muda mfupi. Usirudie mara nyingi. Kwenye foleni ya kuingia uwanjani usiliache gari litambae. Simama, kisha sogea kwa mara moja.

Kuendesha kwa akili

Mzunguko wa kwanza ni wa kupasha: oili iliyo chini ya 60°C haistahili mafuta hadi mwisho. Kona ambayo inawezekana kwa gia mbili tofauti, tumia ya juu; sinkro zitapumzika. Geji ikivuka mpaka, endesha mizunguko miwili kwa theluthi mbili ya kasi, gia ya juu, mguu mwepesi. Difu hupoa kwa kutembea. Ukisimama ghafla, hewa inakoma na joto la meno linasambaa kwenye sili.

Ukishaegesha, acha injini ikizunguka dakika mbili gia ikiwa huru, na pampu ya rejeta iendelee dakika tano. Usimwagie maji kasha lenye moto. Hewa ya ndani inasinyaa haraka na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia.

Krauni na pinioni mpya

Seti mpya isipelekwe uwanjani moja kwa moja. Endesha dakika 15 hadi 20 kwa upole, acha ipoe kabisa, rudia mara tatu au nne. Tembea kilomita 500 hadi 800 bila mzigo mkubwa, mwaga oili. Meno mapya yana vilele vidogo vya uso ambavyo bado havijalaini, na huchemka kuliko yatakavyochemka baadaye. Yakichomwa siku ya kwanza, uso wao hauponi.

Kusoma oili iliyomwagwa

Mwaga oili ikiwa vuguvugu kwenye chombo safi cheupe. Uji wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kucha, au vijiti kama sindano, ni meno au beringi, usirudi uwanjani. Unga wa rangi ya dhahabu kwenye oili ya giaboksi ni ringi za sinkro, na kwa kawaida gia ya tatu huwa ya kwanza kukwaruza. Harufu kali ya kuungua pamoja na rangi nyeusi maana yake oili ilivuka mpaka hata kama hukuona kwenye geji. Ukifungua kasha na kuona jino lenye rangi ya majani makavu, lilifika karibu 220°C; la bluu lilifika karibu 300°C, na seti hiyo ni ya kutupa.

Oili iliyovuka 130°C ibadilishwe baada ya siku hiyo ya uwanjani. Isiyovuka 120°C inaweza kuhudumu siku tatu. Plati za LSD zikianza kugonga kati ya hapo, badilisha oili na kiambato kwa pamoja kabla ya kufungua difu.